Kampuni Iliyolazwa Wiki Sita

Haya alinisimulia mdogo wangu wa tumbo moja, Ijumaa ile, saa sita na nusu mchana, amekaa ukingoni mwa kitanda changu na viatu vyake miguuni. Alikuwa ametoka safari na hajapitia kwake. Sisemi aliyasema. Aliyatema, kama mtu aliyeuma kitu kibovu mbele za watu akakosa pa kukiweka.

Mdogo wangu ni mpika sabuni. Mtaani wanamwita Mama Povu, kwa sababu mbili: ya kwanza ni sabuni, ya pili ni mdomo wake akikasirika.

Wiki jana, wasomaji wangu, niliwaachia ameshika kitasa. Nchi ya watu, jengo la ghorofa, chumba namba kumi na nne. Mdogo wangu hasomi, lakini maandishi ya muhuri wa sabuni yake anayajua kama anavyoijua sura ya mwanawe, na maandishi hayo aliyaona yamebandikwa mlangoni, kwenye karatasi ndogo kama ya dawa. Aliambiwa haya ndiyo makao makuu mapya ya biashara yake. Mwanawe akamwambia, Mama, usifungue, tumsubiri wakala. Kisha mwanawe akashuka kumfuata huyo wakala.

Basi akafungua.

Ndani kulikuwa na miguu.

Miguu miwili, soksi za kijivu, kidole gumba cha kushoto kimetoka nje kinapunga hewa. Miguu ilikuwa juu ya godoro, godoro lilikuwa sakafuni, na kwenye godoro alikuwa amelala mzee mmoja, suti nzima mwilini, saa nne ya asubuhi. Chumba kilinuka soksi na manukato ya kupulizia chooni, vyote viwili vikigombana.

Hapakuwa na meza. Hapakuwa na kiti. Palikuwa na sinki kwenye kona, na kuta nne zilizojaa vibandiko kutoka chini mpaka dari.

"Wewe nani?" Mama Povu akauliza.

"Mkurugenzi," mzee akajibu, macho hajayafungua.

"Mkurugenzi wa nini?"

"Inategemea. Wewe ni nani?"

"Mimi napika sabuni."

Mzee akafungua jicho moja. Akageuza shingo, akapitisha kidole ukutani. "Meli. Almasi. Ushauri. Ushauri. Mbolea. Ushauri. Hii hapa, sabuni. Basi mimi ni mkurugenzi wako. Karibu, dada. Uniwie radhi kwa soksi."

Mama Povu akaziba pua kwa ncha ya khanga.

"Unaongea lugha ya kwetu," akamwambia.

"Mimi ni wa kwenu. Wakala naye ni wa kwenu. Ndiyo maana mnatuamini."

"Na unafanya nini kwenye ofisi yangu umelala?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe." Mzee akajikuna ubavu. "Sheria ya huku ni fupi, dada. Kampuni ikitaka kuhesabiwa ni ya huku, lazima iwe na mkurugenzi anayelala huku. Haikusema anayefanya kazi. Imesema anayelala. Basi mimi nalala."

"Unazilalia ngapi?"

"Mia nne na sita. Jana zilikuwa mia nne na tano. Ya sita ni wewe."

"Na ukiugua?"

"Nikiugua nalala zaidi."

"Sabuni umewahi kupika?"

"Dada, hata ya kuogea naitumia kwa nadra, sitakudanganya."

Mdogo wangu aliniambia, dada, hebu fikiria. Miaka ishirini na sita nimekoroga pipa, mikono imebabuka kwa kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, mpaka sina alama za vidole, na mwenye cheo kuliko mimi kwenye sabuni yangu ni kidole gumba kilichotoka kwenye soksi.

Mlango ukasukumwa. Mwanawe akaingia anahema, na wakala nyuma yake.

Huyu kijana ni mtoto wa mdogo wangu, kwa hiyo mimi ni mama yake mkubwa. Mtaani tulimpa jina la Tai tangu siku alipoanza kuvaa tai shingoni, kwenda sokoni tai, kwenda kunyoa tai. Mdogo wangu alicheka jina hilo kwa miaka mingi. Siku ile alimtazama mwanawe akakumbuka kwamba tai ni ndege pia, na ndege huyo anakula nini.

Wakala alikuwa mama wa makamo, kucha ndefu, sauti laini kama ya kubembeleza mgonjwa. Kila mtu kwake ni mpendwa.

"Mama mpendwa, umeshamuona mkurugenzi. Vizuri sana. Wengine huwa hawabahatiki kumkuta yuko macho."

"Nimemuona," akasema Mama Povu. "Wewe Tai, hebu nieleze upya. Polepole, kama unamweleza mtoto. Umeichaguliaje biashara yangu nchi hii?"

Tai akatoa kile kidaftari chake. Mnakikumbuka, amekuwa akitembea nacho tangu mwanzo wa hadithi hii, nchi tatu, kila moja na ukurasa wake.

"Nilikueleza, Mama. Nchi ya kwanza ina bandari na barabara nzuri, lakini wanauliza maswali. Ya pili ina umeme haukatiki, lakini wanauliza maswali kila mwezi. Hii haina bandari, haina viwanda, haina kitu, ila hawaulizi."

"Hawaulizi nini?"

"Hawaulizi chochote."

"Na hiyo ndiyo sifa."

"Mama, dunia imebadilika. Siku hizi biashara unaitafutia nchi kama unavyomtafutia mtoto shule."

"Shuleni mtoto huenda. Sabuni yangu itakuja huku?"

"Haitakuja. Utaendelea kupikia kulekule nyumbani."

"Mimi nitakuja?"

"Huna haja."

"Wewe utahamia?"

"Nitakuwa nakuja na kurudi."

"Basi atakayekuwa huku ni nani?"

Wote wakatazama zile soksi. Mzee akaingiza kidole gumba ndani, kwa adabu.

Mama Povu akaenda kwenye sinki. Mdogo wangu akienda mahali pageni, kitu cha kwanza ni maji. Mwingine hutazama nyumba, mwingine hutazama watu, yeye huuliza bomba liko wapi. Akatoa kikapuni kipande cha sabuni yake, akachonga kidogo kwa ukucha, akakitia kwenye glasi ya mzee iliyokuwa hapo sinkini, akajaza maji, akaziba kwa kiganja, akatikisa mpaka bangili zikalia.

Halafu akaiinua glasi mbele ya dirisha.

Povu hakuna. Palikuwa na utando wa kijivu juu ya maji, na vipande vyeupe vinaelea kama maziwa yaliyoganda.

"Tazama," akasema. "Maji magumu. Maji haya hayaikubali sabuni, yanaitapika. Umezunguka dunia na kidaftari, ukamchagulia mpika sabuni nchi isiyotoa povu."

"Ni yako tu ndiyo haitoi," Tai akasema. "Zipo zinazotoa."

Alisema haraka, kama mtu aliyejikwaa. Mama Povu akaweka glasi chini.

"Umejuaje?"

Tai akarudisha mikono nyuma.

"Lete mkono."

"Mama, tuko mbele za watu."

"Lete mkono."

Akauvuta mkono wa mwanawe akaunusa, kiganja, halafu kifundo, halafu kiganja tena. Mkono ulinukia maua. Ulikuwa laini, na maua yenyewe hakuyajua.

Kijana huyu ameogeshwa kwa sabuni ya mama yake tangu siku aliyozaliwa. Ada ya shule ilitoka kwenye pipa lile. Na kumbe ana sabuni ya watu mfukoni, anaogea, anarudi mezani amekaa na mama yake na kumwambia, Mama, sabuni yetu itateka dunia.

"Tangu lini?" mdogo wangu akauliza.

"Mama, yako inanuka pipa. Nikikaa na watu wananisikia harufu."

Mama Povu akauachia ule mkono. Akajifuta vidole kwenye khanga, kimoja kimoja.

"Haya," akasema. "Nimeona. Sikubali. Sabuni yangu itakaa nyumbani, na jina lake litakaa nyumbani. Twendeni."

Hapo ndipo wakala alipocheka, kile kicheko cha kumuonea mtu huruma.

"Lakini mama mpendwa, wewe ulishakubali zamani."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi. Chini yake palikuwa na saini ya mdogo wangu. Ile saini yake ya duara na mkia naifahamu, nilimfundisha mimi. Juu ya saini palikuwa na mstari mmoja, na wakala akausoma kwa sauti:

"Mimi mmiliki ninakubali kampuni yangu ya nyumbani ilazwe."

Mama Povu akaitazama ile saini. Akaikumbuka siku yenyewe.

Wasomaji wangu ambao hamjawahi kupika sabuni, nisikilizeni kidogo. Sabuni ikitoka kwenye fremu inamogandia na kukatwa vipande haiuzwi. Bado ina ukali, itakuunguza. Unaipanga rafuni, unaiacha wiki sita ikauke na ukali wake ufe. Huko ndiko wapikaji wanaita kulaza. Sabuni iliyolazwa vizuri ni ngumu, haiishi haraka, haimtoi mtoto vipele. Kwa mdogo wangu, neno kulaza ni neno zuri kuliko yote katika kazi yake.

Ilikuwa Ijumaa, karibu wiki sita nyuma, alikuwa anakata sabuni, mikono imejaa. Tai akasimama mlangoni na karatasi, akamsomea. Maneno yalikuwa hivi, na mdogo wangu aliyarudia mara mbili mbele yangu ili nisikosee:

"Hapa wanasema kampuni ilazwe, Mama. Unakubali?"

"Ilazwe? Kwa nini nikatae? Ikilazwa si ndiyo inakomaa. Wiki ngapi?"

"Sita zinatosha, Mama."

"Watu wa karatasi nao wana akili. Lete kalamu."

Na alicheka. Alimwambia mwanawe, kumbe hata kampuni ni sabuni.

Mzee wa soksi alikuwa amejiinua akakaa kitako kwenye godoro. Akamtazama Mama Povu, akamtazama wakala, akasema polepole:

"Dada, kulaza kampuni si kama kulaza sabuni. Kampuni ikilazwa imezimwa. Zikipita wiki sita hajaja mtu kuiamsha, msajili wa kwenu anaifuta kitabuni. Na jina lake linabaki wazi, wa kwanza kulitaka ndiye mwenyewe."

"Lala wewe," wakala akamwambia. Safari hii hakumwita mpendwa.

"Na wa kwanza kulitaka atakuwa nani?" akauliza Mama Povu.

Mzee akajigusa kifua. "Mimi. Kwa niaba."

"Kwa niaba ya nani?"

Mzee akainua macho. Akaitazama tai shingoni mwa kijana.

Sasa hapa mdogo wangu aliinama, pale kitandani kwangu. Nilimpa maji, hakuyanywa. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Kisha akaendelea. Alimgeukia mwanawe, na hakupaza sauti. Yeye, Mama Povu, ambaye akigombana na muuza mafuta tunasikia mtaa wa pili.

"Nilipouliza wiki ngapi, ulijua nauliza wiki za nini?"

Tai akaiweka sawa tai.

"Nakuuliza. Uliposema sita, ulijua?"

"Mama, ungekataa."

Basi. Hakusema samahani, hata uongo hakutafuta. Alilichukua neno la mama yake kutoka mdomoni mwake, akamfunga nalo, na sababu yake ni kwamba bila hivyo mama asingefungika.

Mdogo wangu akainama kwenye sinki akatema mate. Akasuuza mdomo kwa yale maji magumu, akatema tena.

"Naenda nyumbani kuiamsha," akasema.

Aliijua hesabu bila kalenda. Zile sabuni alizokuwa anakata Ijumaa ile alizilaza siku hiyohiyo, na kila asubuhi hupiga mstari wa chaki ubavuni mwa rafu. Alipofunga safari mistari ilikuwa thelathini na saba. Tangu hapo amelala nje mara tatu. Jumatano ile ilikuwa siku ya arobaini. Ijumaa wiki sita zinatimia.

"Pasipoti ziko kwangu kwa usajili," wakala akasema, sauti imerudi kuwa laini. "Zitatoka Jumatatu. Pumzika, mama mpendwa. Tunakwenda kumwita mwanasheria, kuna saini moja tu imebaki, ya kukabidhi muhuri. Ukiiweka, huna tena wasiwasi."

"Jumatatu tutarudi wote, Mama," Tai akasema. Akataka kumshika bega. Mama Povu akalivuta bega.

Wakatoka. Ufunguo ukazungushwa kwa nje.

Mdogo wangu akabaki na mkurugenzi wake.

"Hicho kipande," mzee akasema, "naomba ninuse."

Akampa ile sabuni. Mzee akainusa muda mrefu, macho amefumba, mpaka mdogo wangu akadhani amelala tena.

"Mimi nilikuwa fundi viti," akasema. "Viti vya kukunja. Ndugu yangu akaniambia tuitafutie kampuni nchi nzuri. Nikasaini ilazwe. Mimi nilidhani ni kupumzisha tu, msimu ulikuwa mbaya. Nilipokuja huku kuuliza iko wapi, wakaniambia iko kwenye chumba hiki. Nikakaa kuisubiri."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na moja. Walipoona nimekaa sana wakanipa kazi. Kwa kuwa nalala hapa hapa."

"Na kiti huna hata kimoja."

"Hata kimoja." Akamrudishia sabuni. "Shika godoro upande huo, dada. Upande wa miguu. Inua."

Mama Povu alisita kwa ule uchafu, halafu akashika.

Chini ya godoro palikuwa pametandazwa pasipoti. Nyingi, safu kwa safu, za rangi zote, zimebonyea kwa uzito wa mzee kama majani yaliyowekwa kitabuni. Ya mdogo wangu ilikuwa juu kabisa, bado ina joto la mzee; akaichukua akaitia kikapuni.

"Hapa ndipo mahali salama," mzee akasema. "Hakuna anayependa kuninyanyua."

"Yako ipi?"

Akaonyesha chini kabisa, pembeni. Mama Povu akainama akaivuta. Jalada likabaki kwenye sakafu, kurasa zikabaki kwenye godoro, unyevunyevu umezigandisha.

"Iache," mzee akasema. "Imeshakuwa godoro."

"Na mlango?"

"Kitasa kibovu. Ufunguo unazunguka tu, haufungi kitu. Wewe vuta juu kidogo."

Mama Povu akavuta juu kidogo. Mlango ukafunguka. Akageuka.

"Twende. Hata mpakani utafika, hayo mengine tutayajulia mbele."

"Dada, usiku mmoja nisipolala hapa, kampuni mia nne na sita zinaanguka."

"Ziache zianguke."

Mzee akafikiri. Alifikiri kweli, anasema mdogo wangu, uso ulijikunja kama mtu anayejaribu kukumbuka namna ya kusimama. Kisha akajilaza, akajifunika koti.

"Mimi ni mtu wa kulala," akasema.

"Dada," mdogo wangu akaniambia, "hapo ndipo kinyaa kilinizidi. Mwanangu nimemuonea kinyaa kwa alichofanya. Huyu nilimuonea kinyaa kwa kuwa ni mtu mwema, na amekubali."

Aliweka kipande cha sabuni karibu na kichwa chake. Akashuka kwa ngazi, na kwenye ghorofa ya pili akasikia lifti inapanda, na ndani yake sauti ya mwanawe inamwambia mtu, msimtishe, ni mama yangu.

Mkoba wa nguo aliuacha kwenye nyumba ya wageni. Akapanda basi na kikapu chake tu. Usiku wa Jumatano, mchana wa Alhamisi kwenye foleni ya mpakani, usiku wa Alhamisi, hakufumba jicho hata mara moja. Nikamuuliza, hata kidogo tu hukusinzia? Akasema, ningewezaje kulala, dada, kila nikifumba macho naziona soksi.

Ijumaa saa sita kasoro robo alikuwa mbele ya dirisha la karani wa msajili, hapa kwetu, hatua chache kutoka nyumbani kwangu.

Karani alikuwa mtu wa miwani na chai. Akafungua faili.

"Kampuni hii bado imelala. Ina mpaka leo saa tisa alasiri. Ikifika saa tisa nachora mstari."

"Iamshe. Mimi mwenyewe nimekuja."

"Ndiwe uliyeilaza?"

"Ndimi. Kwa kutojua, lakini ndimi."

"Vizuri. Na mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu nani?"

"Shahidi. Huwezi kulaza kampuni peke yako. Nyuma ya karatasi kuna saini ya shahidi, na walioilaza pamoja ndio wanaoiamsha pamoja. Mje wote wawili mpige saini mbele yangu."

"Mimi sina shahidi. Alikuwepo mwanangu tu, na mtoto haruhusiwi kumshuhudia mzazi."

"Unaye." Karani akageuza karatasi. "Saini nzuri kabisa, ya mtu aliyekwenda shule. Nikusomee jina?"

Akamsomea.

Lilikuwa jina langu.

Wasomaji wangu, nimewaandikia hadithi hii wiki kwa wiki, na Tai nimempaka kila tope nililolipata. Mstari huu nimeukwepa tangu wiki ya kwanza. Katika watoto wa mama yetu, mimi ndiye niliyefika darasa la nne. Barua zote za mdogo wangu, za kodi, za shule, za hospitali, nazisoma mimi. Hakuna karatasi aliyowahi kuitia saini bila kuuliza kwanza, dada ameiona?

Na Ijumaa ile ya wiki sita nyuma, alipokuwa na mikono yake kwenye sabuni, hilo swali alimuuliza mwanawe pia. Mwanawe akageuza karatasi, akamuonyesha saini yangu nyuma. Ndipo aliposema, lete kalamu.

Hayo mdogo wangu aliyasema mwisho, bila kunitazama. Kisha akaegemea mto wangu.

"Karani amekwenda mapumziko," akasema. "Anafungua saa nane, anafunga saa tisa. Niache nijinyooshe kidogo. Uniamshe saa nane kasoro robo, twende wote. Saini yangu na yako, basi, imeamka."

"Nitakuamsha," nikasema.

Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika tano. Nje kulikuwa na jua kali, na mahali fulani mtu alikuwa anafua; nilisikia nguo zinavyopigwa jiweni. Nikapiga magoti nimvue viatu. Miguu ilikuwa imevimba, kamba zimeingia kwenye nyama.

Nilikuwa kwenye kiatu cha kwanza aliposema, macho yamefumba:

"Dada."

"Naam."

"Ile karatasi, alikusomea yeye kama alivyonisomea mimi? Au uliisoma mwenyewe?"

Nikakivua kiatu cha kwanza nikakiweka chini ya kitanda. Nikafungua kamba za cha pili, fundo moja, fundo la pili. Nilipokwisha kukitoa nikainua uso nimjibu.

Alikuwa amelala.